Jinsia Pasipo na Jina: Historia ya Taswira za Mke na Mume katika Jamii za Intaneti

Utangulizi

Mawasiliano ya kompyuta yalipoanza kuenea vyuoni na maofisini huko Marekani na Ulaya, wengi waliyapokea kwa tumaini kubwa. Ilidhaniwa kwamba mtu asiyeonekana uso, asiyesikika sauti na asiyejulikana jina atapimwa kwa hoja zake tu. Jinsia, ambayo barazani humtangulia msemaji kabla hajafumbua kinywa, ingebaki nje ya mlango. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu siku hizo, na yaliyotokea hayakulitimiza tumaini hilo. Katika jamii nyingi za intaneti ambamo hakuna ajulikanaye kwa jina, taswira za mke na mume zilikomaa, zikapata umbo la kudumu, na hatimaye zikatoka nje na kudhuru watu wenye majina na miili.

Makala haya yanakusudia kuifuatilia historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba kuliondoa jina hakuiondoi jinsia. Pili, kwamba chombo kilichoieneza dhana hiyo ni cha kiisimu kadiri kilivyo cha picha, na kwa hiyo kinawahusu wataalamu wa lugha. Tatu, kwamba Kiswahili, ambacho sarufi yake haitofautishi mke na mume, kinatoa ushahidi ambao lugha nyingi za Ulaya haziwezi kuutoa.

Yafaa istilahi mbili zielezwe mapema. Kwa "taswira zilizoganda" yamaanishwa mawazo kuhusu kundi la watu yaliyokwisha kukatwa na kushonwa kama nguo za dukani, ambayo mtu huvikwa bila kupimwa. Kwa "mimu" yamaanishwa picha, katuni au kauli fupi ambayo watu huichukua, huibadili kidogo na kuipitisha kwa wengine, bila kujali nani aliyeianzisha. Neno lenyewe lilibuniwa na mwanabiolojia Richard Dawkins, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1941, katika kitabu chake The Selfish Gene cha mwaka 1976. Dawkins alilifupisha kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichoigwa, akakusudia kueleza namna wimbo, mtindo au wazo linavyoruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Watumiaji wa intaneti ndio waliolipa maana finyu ya leo.

Tumaini la miaka ya 1990

Mwezi wa Julai mwaka 1993 jarida la The New Yorker lilichapisha kibonzo cha Peter Steiner kilichoonyesha mbwa wawili mbele ya kompyuta, mmoja akimfahamisha mwenzake kwamba humo hakuna awezaye kumtambua kuwa ni mbwa. Kibonzo hicho kilipendwa mno, kwa sababu kilisema kwa mzaha jambo ambalo wengi walilisadiki kwa dhati.

Wakati huo palikuwapo jamii iitwayo LambdaMOO, iliyoanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California. Ulikuwa ulimwengu wa maandishi matupu: nyumba, bustani na watu, vyote vilijengwa kwa maneno. Aliyeingia alijichagulia jina la kubuni na jinsia, na orodha ya jinsia haikuishia kwenye mbili. Vilikuwamo viwakilishi vilivyobuniwa ili kumtaja mtu pasipo kufichua kama ni mke au mume. Mswahili hawezi kukosa kutabasamu hapa. Wasemaji wa Kiingereza walilazimika kubuni kwa juhudi kitu ambacho kiambishi a- cha nafsi ya tatu hukifanya kila siku katika Kiswahili bila mtu kukizingatia.

Hata hivyo, viwakilishi hivyo havikuizuia aibu iliyotokea humo mwaka 1993. Mshiriki mmoja, aliyejificha nyuma ya jina la kubuni, alitumia programu kuwafanya wahusika wa wenzake, wa kike hasa, waonekane hadharani wakitendwa na kutenda mambo ya kudhalilisha. Mwandishi Julian Dibbell alilieleza tukio hilo katika gazeti la The Village Voice mwezi wa Desemba mwaka huo, na mjadala aliouzusha haujaisha. Hapakuwapo mwili ulioguswa. Lakini waliodhalilishwa walidhalilishwa kama wanawake, na walilia kama watu waliodhulumiwa.

Wanaisimu nao hawakusalimika. Susan Herring wa Marekani alichunguza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mijadala ya barua za kompyuta iliyowashirikisha wasomi, ikiwa ni pamoja na jukwaa la wanaisimu wenyewe. Aligundua kwamba wanaume waliandika mara nyingi zaidi na kwa urefu zaidi, kwa mtindo wa kushindana na kukosoana, na kwamba mada zilizoletwa na wanawake zilijibiwa kwa uchache. Watu hao walikuwa na shahada na waliandika kwa majina yao halisi. Yafaa jambo hilo liwekwe akibani, kwa maana litarejewa.

Mwezi wa Februari mwaka 1996, huko Davos, Uswisi, John Perry Barlow alitoa tangazo lake mashuhuri la uhuru wa ulimwengu wa intaneti. Alidai kwamba ni ulimwengu ambao wote wangeingia bila upendeleo wala chuki itokanayo na rangi, uwezo wa kiuchumi, nguvu za kijeshi au hadhi ya kuzaliwa. Orodha hiyo haikuitaja jinsia.

Ubao usio na majina

Hatua iliyofuata ilianzia Japani. Mwaka 1999 Hiroyuki Nishimura, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, alianzisha ubao wa mijadala ulioitwa 2channel, ambamo mtu aliandika bila kujisajili. Mwaka 2001 ulifuatwa na Futaba Channel, uliojishughulisha na picha. Tarehe 1 Oktoba 2003 kijana wa Kimarekani wa miaka 15, Christopher Poole, aliuiga Futaba akaanzisha 4chan. Kila mwandishi ambaye hakujaza jina aliitwa Anonymous, yaani Asiye na Jina, na maandishi yaliyokosa wasomaji yalifutika upesi. Kilichobaki ni kile tu ambacho watu walikipenda kiasi cha kukirudia. Kwa hiyo ubao huo ulikuwa, kwa maumbile yake, kiwanda cha mimu.

Kati ya miaka ya 2006 na 2007 watumiaji walikusanya orodha ya mzaha waliyoiita kanuni za intaneti. Mojawapo ilidai kwamba katika intaneti hakuna wanawake. Desturi ikaandamana na kanuni: mwandishi aliyetaja kwamba yeye ni mwanamke aliamriwa aonyeshe picha ya mwili wake au aondoke. Waliotetea desturi hiyo walitoa hoja iliyosikika kama ya usawa. Walisema kwamba pasipo na majina hakuna haja ya kutaja jinsia, na anayeitaja anatafuta upendeleo.

Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa. Mwanamume aliyemtaja mkewe, ndevu zake au mpenzi wa kike aliyemwacha hakuambiwa kwamba amejitangaza. Maneno yake yalipita kama maneno ya mtu. Mwanamke aliyemtaja mumewe alionekana papo hapo kuwa amejifunua. Wanaisimu wa kundi la Prague, Trubetzkoy na Jakobson, walikwisha kueleza katika miaka ya 1930 kwamba katika jozi nyingi za lugha upande mmoja hubeba alama na wa pili haubebi, na usiobeba alama ndio unaosimama kwa niaba ya jozi nzima. Simone de Beauvoir naye, mwaka 1949, alionyesha kwamba katika fikra za Ulaya mwanamume huhesabiwa kuwa mtu, na mwanamke huhesabiwa kuwa mwingine. Asiye na Jina wa ubao huo hakuwa kiumbe asiye na jinsia. Alikuwa mwanamume asiyehitaji kusema hivyo.

Haimaanishi kwamba mbao za namna hiyo zilizaa ukatili peke yake. Mwaka 2004 mwandishi mmoja wa 2channel alieleza namna alivyomtetea abiria wa kike dhidi ya mlevi garini moshi, na wenzake wasiomjua walimshauri hatua kwa hatua jinsi ya kumposa urafiki. Mazungumzo hayo yalichapishwa kuwa kitabu, Densha Otoko, na mwaka 2005 yakafanywa filamu na tamthilia ya televisheni. Lakini hata katika hadithi hiyo ya upole, mwanamume ni mwoga asiyejua watu, na mwanamke ni zawadi ya mbali inayongojwa. Taswira zilizoganda huweza kuwa na sura ya huruma.

Mimu na unyambulishaji wa mwanamke

Tangu mwaka 2008 zilienea katuni chafuchafu za mistari michache, zilizochorwa kueleza hasira na visa vya kila siku. Mhusika wake mmoja wa kawaida aliitwa Derp. Alipohitajika mhusika wa kike, sura ileile iliongezwa nywele ndefu, na jina lileile likaongezwa kiambishi tamati -ina, ambacho lugha kadhaa za Ulaya hukitumia kuundia majina ya kike. Akapatikana Derpina. Mwanamke alinyambuliwa kutoka kwa mwanamume, katika mchoro na katika neno kwa wakati mmoja.

Mfano huo haukuwa wa pekee. Picha zenye maneno juu na chini ziliwatoa Good Guy Greg, rafiki mwema, na Scumbag Steve, mtu wa hila. Kisha wakazaliwa Good Girl Gina na Scumbag Stacy. Inastahili kuangaliwa wanachosifiwa na kulaumiwa. Greg ni mwema kwa sababu ni mkarimu kwa watu wote. Gina, mara nyingi, ni mwema kwa sababu hamsumbui mpenzi wake. Steve huiba na kudanganya wenzake. Stacy huwakataa au huwatumia wanaume. Wema na ubaya wa mwanamume ulipimwa kwa jamii, na wa mwanamke ukapimwa kwa mwanamume. Mwaka 2012 ilienea picha ya msichana mwenye macho ya kukodoa, iliyopewa jina la mpenzi aliyeng'ang'ania kupita kiasi. Msichana huyo alikuwa ametengeneza video ya mzaha. Uso wake ukawa uso wa wivu wa wanawake wote.

Nguvu ya mimu hizo hutokana na muundo. Mimu ina sehemu iliyofungwa na sehemu iliyo wazi. Mwandishi hujaza pengo. Hukumu imekwisha kutolewa na kiunzi. Msomaji wa fasihi simulizi ataufahamu mpango huo, kwa sababu methali na vitendawili vyetu hufanya kazi kwa namna hiyo, na vilevile havina mtunzi ajulikanaye. Aliyesema ni wahenga, na mhenga haulizwi. Tofauti ni kwamba methali huhitaji mahali na wakati wake, na mzee aliyeitumia vibaya huweza kujibiwa kwa methali nyingine mbele ya hadhira ileile. Mimu husafiri bila hadhira yake.

Siku moja kiunzi kama hicho kilifikishwa mbele ya waamuzi. Picha iliyopigwa na Mhispania Antonio Guillem mwaka 2015, ya mwanamume anayegeuka kumtazama mwanamke apitaye huku mpenzi wake akikasirika, iligeuka mimu mashuhuri mwaka 2017. Kampuni ya intaneti ya Bahnhof huko Uswidi iliitumia kutangaza nafasi za kazi. Mwezi wa Septemba mwaka 2018 chombo cha Uswidi kinachosimamia maadili ya matangazo kiliamua kwamba tangazo hilo ni la kibaguzi, kwa kuwa liliwaonyesha wanawake kama vitu vya kubadilishana. Kampuni ilijitetea kwamba hiyo ni mimu tu. Neno "tu" ndilo kiini cha suala zima.

Kutoka dhihaka hadi damu

Katika mwaka 1997 hivi mwanafunzi mmoja wa kike wa Toronto, Kanada, alianzisha mahali pa kuandikiana kwa watu wapweke, wake kwa waume, waliokosa wapenzi pasi na kupenda kwao. Kutokana na jina la mradi wake lilipatikana neno "incel". Alikusudia faraja. Baada ya yeye kuondoka neno likachukuliwa na wanaume waliouona upweke wao kuwa dhuluma ya wanawake, na msamiati wa mimu ukawapa wahusika: Chad, mwanamume mzuri apendwaye na wote, na Stacy, mwanamke mrembo mwenye dharau. Jina la Stacy lilikuwa limegeuka kutoka jina la mtu hadi jina la aina ya watu.

Tarehe 23 Mei 2014, huko Isla Vista, California, kijana aliyeacha waraka mrefu wa chuki dhidi ya wanawake aliwaua watu 6. Mwezi wa Agosti mwaka huo ilianza kampeni iliyojulikana kama Gamergate, ambayo kwa kisingizio cha maadili ya uandishi wa habari iliwaandama wanawake wa fani ya michezo ya kompyuta, akiwamo mtunzi Zoë Quinn na mhakiki Anita Sarkeesian. Mnamo Oktoba Sarkeesian alilazimika kufuta mhadhara katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Utah baada ya kutolewa tishio la mauaji ya halaiki. Poole alikuwa amekwisha kuipiga marufuku kampeni hiyo katika 4chan mwezi wa Septemba. Wafuasi wakahamia ubao mwingine, 8chan.

Tarehe 23 Aprili 2018, mjini Toronto, mtu mmoja aliwagonga wapita njia kwa gari na kuua 10, wengi wao wanawake. Majeruhi mmoja alifariki mwaka 2021. Kabla ya tendo lake aliandika maneno ya kumsifu muuaji wa Isla Vista na kuwataja Chad na Stacy. Jaji aliyemtia hatiani alitilia mkazo tamaa yake ya umaarufu. Hilo halipunguzi uzito wa jambo. Aliyetaka umaarufu alijua ni maneno gani yangempatia, kwa sababu yalikwisha kutengenezwa na wengine na kuwekwa tayari.

Ushahidi wa Kiswahili

Wapo wanaodhani kwamba ubaguzi wa jinsia katika lugha ungekoma kama sarufi ingekoma kuitaja jinsia. Kiswahili kinatosha kulijibu dai hilo. Nomino "mdangaji", iliyoenea katika mazungumzo ya mitandaoni Tanzania kwa maana ya mtu atafutaye fedha kwa njia ya mapenzi, imeundwa sawasawa na "mwimbaji" na "msomaji". Hakuna kiambishi chochote ndani yake kitajacho uke. Hata hivyo, msomaji humwona mwanamke. Katika mizaha ya Wakenya ya miaka ya 2010, "fisi" lilikuwa jina la mtu mwenye uchu wa mapenzi, na mafisi wakajiundia timu yao ya kubuni. Fisi wa ngano zetu ni mlafi tu, dume au jike. Fisi wa mimu ni mwanamume, na mwanamke amekuwa nyama. Ajabu ni kwamba mwanamume hulichukua jina hilo kwa kicheko na hata kujivunia, ilhali hakuna mwanamke ajitapaye kuwa mdangaji bila kulipa gharama. Sarufi imewatendea haki sawa, mila haikuwatendea.

Katika Jamii Forums, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2006 na ambamo wengi huandika kwa majina ya kubuni, washiriki huitana "mkuu". Ni neno la heshima lisilo na jinsia. Lakini mshiriki akijulikana kuwa ni mwanamke, wito hugeuka mara nyingi ukawa "dada". Neno "dada" ni zuri na la adabu, ila mgeuko huo unafichua kwamba "mkuu" wa kwanza alikuwa amedhaniwa kuwa mwanamume. Katika lugha isiyo na viwakilishi vya kike na kiume, alama imejitafutia makao katika wito.

Madhara nayo yamekwisha kuonekana. Mwezi wa Novemba mwaka 2014 kundi la wanaume lilimshambulia mwanamke katika kituo cha magari jijini Nairobi, likamvua nguo, na video ikasambazwa. Tarehe 17 Novemba waandamanaji walijitokeza kudai kwamba vazi la mwanamke ni hiari yake. Kaulimbiu ya kuwapinga ilizuka mara moja mitandaoni, ikaligeuza shambulio kuwa mjadala juu ya urefu wa sketi. Mwaka huohuo sheria ilirekebishwa ili kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwe kosa mahususi. Maneno ya mjadala, hata hivyo, hayakutungwa siku hiyo. Yalikuwa yamezoeleka katika mizaha kwa muda mrefu.

Je, kosa ni la kutotaja jina?

Kutokana na historia hii mtu angeweza kuhitimisha kwamba dawa ni kumlazimisha kila mwandishi ataje jina lake. Hitimisho hilo halisimami. Wanaisimu wa Herring walitumia majina yao. Facebook, iliyoanza mwaka 2004, hudai majina halisi, wala kejeli haikukosekana humo. Kwa upande mwingine, Archive of Our Own, hazina ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa mwaka 2009, huandikiwa kwa wingi na wanawake wanaotumia majina ya kubuni, nao wamejenga humo desturi ya kusomana na kushauriana.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano ulio wa kale zaidi. Kauli iliyoandikwa kwenye leso huitwa "jina" la leso, na jina hilo halina mtunzi anayefahamika. Mwanamke aliyetaka kumjibu mume, mke mwenza au jirani alichagua leso, akaivaa na kupita. Akiulizwa, aliweza kusema kwamba yeye amenunua nguo. Hapo kutotajwa kwa msemaji kulimpa kauli mtu ambaye baraza halikumpa nafasi. Ndivyo ilivyo leo kwa mwanamke anayesimulia maonevu ya kazini au ya nyumbani bila kujitaja. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa Jamii Forums, alikamatwa mwezi wa Desemba mwaka 2016 kwa kukataa kuwafichulia polisi watumiaji wake. Lililolindwa ni pamoja na usalama wa watu wa namna hiyo.

Kwa hiyo kinachotofautisha jamii moja na nyingine ni nani anayehesabiwa kuwa mtu wa kawaida pale jina linapoondolewa. Hilo ni suala la matumizi ya lugha, na linaweza kuchunguzwa kwa mbinu ambazo idara za Kiswahili zinazo: uchambuzi wa wito, wa maana zinazodokezwa na nomino zisizo na jinsia, na wa viunzi vya kauli fupi. Kazi hiyo haiwezi kungojea. Mimu za Kiswahili hufutika upesi kuliko majina ya leso, ambayo angalau hubaki sandukuni. Pamoja nazo yanapotea maandishi ya wanawake ambao, ili wasikilizwe, walikubali kuitwa "mkuu" na hawakusahihisha. Mtafiti wa kesho atakayeisoma hazina hiyo ya Kiswahili atadhani kwamba iliandikwa na wanaume, na hatakuwa na namna ya kujua vinginevyo.